Digrii ya historia italipa kodi ya nyumba? Tulikaa chini tukapiga hesabu

Ujumbe uliingia kwenye grupu ya familia Alhamisi usiku nikiwa ndani ya matatu, natoka tao kurudi Kahawa West. Mama huandika kama mtu anayelipia kila neno: "Dadako ameitwa chuo kikuu. Ni historia. Mjomba anakuja Jumamosi. Na wewe uje."

Kama umelelewa katika familia kama yetu, unajua maana ya "Mjomba anakuja". Hicho ni kikao cha bunge. Mjomba ana kanta mbili za kubeba mahindi pale Kitale, ndiye aliyenilipia karo ya Kidato cha Tatu baada ya baba kufariki, na hakuna pesa kubwa inayotoka nyumbani kwetu bila yeye kuuliza inaenda wapi.

Nilijua pia kwa nini mimi nimeitwa. Mimi ndiye kielelezo. Nilisomea historia hiyo hiyo katika chuo kimoja cha umma kwa miaka miwili na nusu, kisha nikaacha. Sikufukuzwa. Karo ilichelewa nikakosa mitihani ya muhula mmoja, alama za kozi mbili nilizokuwa nimefanya zikapotea, na kila ofisi niliyoingia ilinituma kwa ofisi nyingine. Siku moja nilifunga begi nikaenda zangu. Leo nina miaka 26, naandika mitandaoni, napata riziki kwa vipindi, na deni la HELB bado liko hai. Wengine hudhani ukiacha masomo deni nalo linaacha. Haliachi. Mkopo ule una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ukikaa bila kulipa wakati umefika, faini ni Sh5,000 kila mwezi. Kuna mwezi nilikuwa natengeneza pesa pungufu ya faini yenyewe.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa na barua ya KUCCPS mkononi, au ukiwa na mdogo wako aliye nayo, kaa karibu. Sitakwambia historia ni kozi ya maana kwa sababu "inafundisha kufikiri". Kila mtu husema hivyo, na landilodi hapokei fikra. Nitakuonyesha hesabu tuliyopiga sebuleni kwetu, na mahali ilipovunjika.

Jumamosi Mjomba alifika saa nne asubuhi, akanywa chai vikombe viwili kabla hajasema lolote. Dadangu ana jina la nyanya yetu, mamake Mjomba, kwa hivyo humwita Mama hata akiwa amekasirika.

"Mama, umefanya vizuri. Tumeshukuru Mungu," alianza. Hapo tukajua kuna "lakini" inakuja. "Lakini hiyo karatasi utaiuza wapi?"

Dadangu alipata B ya wastani katika KCSE, na A- kwenye Historia na Serikali. Aliomba ualimu, akakosa nafasi kwenye vyuo alivyotaka, akapelekwa Shahada ya Sanaa, historia ikiwa somo kuu. Hapa ndipo watoto wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo nitapunguza mwendo. Shahada ya Sanaa yenye historia na Shahada ya Elimu yenye historia ni vitu viwili tofauti, hata kama mtakaa ukumbi mmoja mkimsikiliza mhadhiri mmoja. Yule wa Elimu akimaliza, anaweza kuomba TSC imsajili, mradi ana masomo mawili ya kufundisha na alipata angalau C+ katika yote mawili kwenye KCSE. Yule wa Sanaa akitaka kuingia darasani, lazima arudi kusomea diploma ya uzamili ya ualimu kwanza, na hiyo ni karo nyingine na mwaka mwingine wa kuomba nauli. Nilikuwa mwaka wa pili ndipo nilipoelewa tofauti hiyo. Hakuna aliyeniambia, na mimi pia sikuuliza.

Mjomba akanigeukia. "Wewe ulienda huko. Piga hesabu tuone."

Nikachukua daftari. Mzigo wa familia kwenye karo, kwa bendi aliyopewa dadangu katika ule mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ni kama Sh25,000 kwa mwaka. Miaka minne, Sh100,000. Chumba, chakula, nauli na kupiga chapa za kazi za darasani, niliweka Sh8,000 kwa mwezi, miezi tisa kwa mwaka. Hiyo ni Sh72,000 kwa mwaka, Sh288,000 kwa miaka minne. HELB ingesaidia hapo, lakini sikuitoa kwenye hesabu kwa sababu HELB si zawadi. Ni wewe wa baadaye unamkopesha wewe wa leo, na wewe wa baadaye hajaulizwa.

Kisha nikaongeza kitu ambacho wazazi wengi hawahesabu: pesa ambazo hutapata kwa sababu uko darasani. Nilipoacha chuo nilianza na kazi ya duka la simu mtaani, Sh10,000 kwa mwezi. Mara miezi 48, hiyo ni Sh480,000.

Jumla: Sh868,000.

Mama alishika kichwa. Mjomba hata hakutabasamu, alitikisa tu kidole kuelekea daftari, kama mtu ambaye mzani wa mahindi umesema alichokisia. Akauliza akimaliza atalipwa ngapi. Nikamweleza habari ya walimu vibarua wa sekondari ya msingi, wale waliokuwa wakipokea Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama ya masuala ya ajira ilisema utaratibu ule haukuwa halali, walimu wakaandamana, na mapema 2025 maelfu yao wakapewa kazi ya kudumu huku kundi jipya la vibarua likianza pale pale walipoanzia wenzao. Kwa hivyo tuseme Sh20,000. Ukitoa elfu kumi ya duka la simu, digrii imekuongezea elfu kumi kwa mwezi. Kurudisha Sh868,000 kwa mwendo huo ni miezi 87, yaani miaka saba na zaidi.

"Kwa hivyo," Mjomba akasema, "mtoto aingie chuo akiwa na miaka 19, atoke na 23, na pesa yake irudi akiwa na 30. Hiyo hata ng'ombe mgonjwa analipa mbele."

Nilidhani mambo yameisha hapo. Dadangu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, anamenya viazi, hajasema kitu tangu Mjomba aingie. Akafuta mikono kwa leso.

"Kaka, hiyo elfu kumi ya duka la simu. Ulilipwa miezi mingapi?"

Nikanyamaza kidogo. "Mitano."

"Kisha?"

"Mwenye duka akafunga."

"Ukakaa bila kazi muda gani?"

"Miezi saba hivi."

"Kwa hivyo mwaka mzima ulipata elfu hamsini, si laki moja na elfu ishirini." Akaandika pembeni ya daftari langu, kwa kalamu yangu. "Mara nne ni laki mbili. Na hii elfu nane ya kula na kulala: hapa nyumbani sili? Mama, nakula kiasi gani kwa mwezi?"

Mama akasema labda elfu tatu, kisha akacheka kwa sababu dadangu anakula. Elfu nane ikawa tano. Sh5,000 mara miezi tisa mara miaka minne ni Sh180,000. Karo Sh100,000. Pesa ya duka Sh200,000. Jumla mpya, Sh480,000. Karibu nusu ya ile ya kwanza ilikuwa imeyeyuka mbele ya macho yetu, na hakuna aliyetuongezea hata shilingi.

Halafu akaigusa ile miaka saba. Kama wastani wangu halisi ulikuwa Sh50,000 kwa mwaka, hiyo ni elfu nne na kitu kwa mwezi, si kumi. Kwa hivyo mwalimu kibarua wa Sh20,000 amenizidi kwa karibu elfu kumi na sita kila mwezi, na Sh480,000 zinarudi kwa miaka miwili na nusu.

Wasee, nilijisikia vibaya, lakini pia nilijisikia vizuri. Kuna mhadhiri mmoja wa mwaka wa kwanza, mzee mwenye sweta ileile kila Jumatatu, aliyetuambia kwamba kila karatasi ina mtu nyuma yake. Ni nani aliandika, alimwandikia nani, na alitaka nini kutoka kwake. Mimi nilinakili maneno hayo kwenye kitabu nikapata alama nzuri. Msichana ambaye hajakanyaga chuo ndiye aliyeyatumia, na karatasi yenyewe ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandika hesabu ile nikiwa mtu mwenye uchungu, nikimwandikia Mjomba, nikitaka ionekane kwamba kuacha kwangu kulikuwa na akili.

Lakini Mjomba si mtu wa kushindwa kirahisi. "Sawa Mama. Na wasipokuita hiyo kazi ya elfu ishirini?"

Hilo ndilo swali, na hakuna kalamu inayoweza kulifuta. Hesabu ya dadangu inaanza siku ya kuhitimu, kana kwamba TSC inasubiri langoni na bahasha. Na yeye ana barua ya Sanaa, kwa hivyo TSC hata haimjui.

Basi nikawaambia juu ya darasa langu, wale niliowaacha wakiendelea. Sina utafiti wa nchi nzima, nina simu yangu tu na watu tunaoongea bado. Mmoja anafundisha akademia ya kibinafsi nje ya Thika. Analipwa, ila kuna miezi mshahara huja tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mmoja yuko kwenye masjala ya serikali ya kaunti, anapanga faili, na ana malipo ya uzeeni. Mwingine aliingia polisi, akapitia Kiganjo, sasa yuko kaskazini. Kuna mmoja Doha, mlinzi wa jengo la maduka, na huyo ndiye anayetuma pesa nyingi zaidi nyumbani kuliko sisi wote, ingawa hakuna mtu Doha aliyewahi kumuuliza juu ya Vita vya Majimaji. Msichana aliyekuwa wa kwanza darasani anafanya kazi za kukusanya data kwa mashirika: wiki tatu Turkana, kisha miezi miwili ya kungoja simu. Mwingine hutembeza wageni katikati ya jiji kwa miguu, alifanya mtihani wa waongoza watalii akapata daraja la shaba, na anasema wageni hutoa bakshishi nzuri zaidi ukiwaeleza kwa nini jengo liko hapo, kuliko ukiwaambia tu lilijengwa mwaka gani.

Na kulikuwa na wale waliokuwa wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Hiyo ilikuwa biashara kamili, mnajua, nyumba nzima za Kahawa Wendani na Juja zikiwa macho saa tisa usiku. Mtu wa historia alikuwa mfalme huko, maana anajua kusoma haraka na kuandika kurasa kumi bila kulia. Niliifanya pia, sitajifanya mtakatifu. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, rafiki zangu waliobaki kwenye kazi hiyo wanasema maagizo yamekauka. Kwa hivyo ukisikia mtu akikushawishi usome historia kwa sababu "utaandika mtandaoni", muulize aliandika lini mara ya mwisho.

Mjomba alisikiliza orodha hiyo yote kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Hao wakubwa je? Kibaki hakusoma hiyo?"

Kibaki alisoma uchumi, historia na siasa pale Makerere, akamaliza 1955 akiwa na daraja la kwanza. Ni kweli. Na ukitafuta mtandaoni utapata majina mengine ya kukutia moyo: Susan Wojcicki, aliyeiongoza YouTube miaka tisa, digrii yake ya kwanza kutoka Harvard ilikuwa ya historia na fasihi. Kenneth Chenault aliyekuwa mkuu wa American Express alisomea historia. Orodha kama hizo huzunguka WhatsApp kila msimu wa matokeo. Lakini 1955 Mkenya mwenye digrii ungeweza kumtambua barabarani. Hatukuwa hata na chuo kikuu chetu. Nairobi ilikuja kusimama yenyewe kama chuo kikuu kamili 1970. Wakati ule digrii yoyote ilikuwa adimu, na bei hupandishwa na uadimu. Na kuhusu Harvard, hebu tuheshimiane: mtu wa Harvard angesomea kusuka vikapu na bado angepigiwa simu.

Kuna jambo lingine la kutia hofu ambalo nililiweka wazi mezani, maana dadangu ana ndoto ya kufundisha. Katika mtaala mpya, sekondari ya juu ina njia tatu, na serikali imesema inalenga asilimia 60 ya wanafunzi waende sayansi, teknolojia na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Historia na Uraia imekaa kwenye ile 25. Sekondari ya msingi ina Maarifa ya Jamii kwa kila mtoto, kwa hivyo mwalimu wa historia hajafa. Lakini foleni imehamia, na ukienda kusimama kwenye foleni ya zamani utasimama peke yako.

Sasa nije kwa kitu ambacho kwangu ndicho kitovu cha haya yote, na ambacho nilikisimulia sebuleni viazi vikichemka.

Mwaka 2009 wazee watano Wakenya, walioteswa kwenye kambi za ukoloni wakati wa Mau Mau, waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Uingereza ilijitetea kwanza kwamba jukumu hilo lilihamia Kenya wakati wa uhuru, kisha kwamba muda mrefu umepita. Wazee walikuwa na makovu, lakini mahakama inataka karatasi. Wanahistoria watatu walitoa maelezo ya kitaalamu katika kesi hiyo: David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Anderson alieleza kwamba kulikuwa na faili zilizotolewa Kenya na kupelekwa Uingereza kabla ya uhuru, Desemba 1963. Serikali ikabanwa, na mwaka 2011 ikakiri: masanduku yapatayo 300 ya faili za Kenya yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park, pamoja na faili za makoloni mengine. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228.

Pauni milioni 19.9. Mjomba aliomba nirudie. Nikarudia.

Watu hawa walijua faili zipi zinakosekana kwa sababu walikuwa wametumia miaka wakisoma zile zilizopo. Hiyo kazi haina mtambo. Ni kukaa kwenye kiti kigumu cha hifadhi ya nyaraka, kuona kwamba barua namba 14 ipo na namba 16 ipo, na kujiuliza 15 iko wapi.

Lakini nitakwambia kinachoniuma. Wataalamu hao watatu wote walikuwa wa vyuo vya Uingereza na Marekani. Waliopigwa walikuwa nyanya na babu zetu, na kijana wa Kenya anayesomea historia yao anaambiwa na mjomba wake kwamba karatasi hiyo haiuziki. Labda haiuziki hapa. Kule iliuzika: Elkins aliandika kitabu juu ya kambi hizo, kikapata tuzo ya Pulitzer 2006, na alikuwa akifundisha Harvard. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Moi Avenue, hatua chache tu kutoka stendi za matatu. Wengi wetu tumewahi kukutana na mtu pale nje, "tuonane Archives", na hatujawahi kuingia ndani.

Mjomba alikaa kimya, kisha akaegemea mbele. "Kwa hivyo Mama akisoma hii, anaweza kututafutia karatasi za lile shamba la babu?" Kuna shamba, bila shaka. Kila familia ya Trans Nzoia ina shamba ambalo lilipotea kwa njia fulani.

Nikaona Mama amenyanyua macho, na nikaona jinsi ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Mjomba, hapana," dadangu akasema. "Hizo ziko ofisi za ardhi, na unahitaji wakili. Mimi ningeweza tu kukuambia hilo shamba lilikuwa la nani kabla ya babu, na kabla ya huyo, kama nikipata faili. Kurudisha shamba ni kazi ya mtu mwingine."

Sijui kama jibu hilo lilimpunguzia pointi au lilimwongezea. Mjomba alicheka hadi akakohoa.

Na mimi je? Aliniuliza hilo pia, mbele ya kila mtu: ile miaka miwili na nusu imenipa shilingi ngapi? Nikafikiria vizuri kabla ya kujibu, maana ilikuwa zamu yangu ya kusema ukweli. Makala yangu iliyosomwa zaidi ya zote ilikuwa juu ya majina ya mitaa ya Nairobi. Nilieleza kwamba Kariokor ni Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam ni neno lilelile upande wa pili wa mpaka. Kwamba mpagazi amesimama kwenye ile sanamu ya Kenyatta Avenue iliyozinduliwa 1928, na sisi humpita kila siku tukikimbilia gari. Watu waliisambaza wiki nzima. Kampuni moja ndogo ikanipa Sh15,000 niwaandikie nyingine tatu za aina hiyo. Kisha nikafungua chaneli ya YouTube, na huko ili uanze kulipwa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Wafuasi ninao. Saa bado.

Kwa hivyo nikijumlisha yote niliyowahi kuandika yanayotokana na darasa lile, haifiki Sh90,000 kwa miaka mitatu. Deni langu la HELB ni zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo namba, Mjomba. Ila pia ndiyo kazi pekee niliyowahi kufanya ambayo mwenye duka hawezi kuifunga.

Tulikula. Baada ya chakula mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko nilivyodhani. Dadangu hakutaka kuacha historia na Mama hakutaka aache chuo. Mjomba alitaka kitu kinachoshikika. Tukakubaliana aombe uhamisho kupitia KUCCPS, aende Shahada ya Elimu, historia na Kiswahili, kwa kuwa alama za Kiswahili anazo. Akikosa uhamisho, ataripoti hivyo hivyo na historia yake, lakini masomo ya ziada achague yale yanayoshikana na kazi: utunzaji wa nyaraka na kumbukumbu kama chuo kinayo, au takwimu, hata kama hisabati humtoa jasho. Nilimwambia ajifunze kutumia zile programu za simu za kukusanya data akiwa mwaka wa kwanza, si wa nne. Na kila muhula apige picha ya karatasi yake ya matokeo siku ileile inapobandikwa, na ahifadhi risiti zote. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ya juu kidogo.

Mama atauza mtamba. Hilo halikuzungumzwa, tulimwona tu akienda zizini jioni na kusimama pale kwa muda.

Jumapili asubuhi nikiwa kwenye stendi Kitale, Mjomba alinitumia Sh3,000 kwa M-Pesa. Nikampigia kumshukuru, akasema si zangu. Ni za vitabu vya Mama, na nimpe taratibu, si zote kwa mara moja.

Uhamisho bado hatujajibiwa. Dadangu huingia kwenye tovuti kila jioni data zikiwepo. Mimi wiki iliyopita nilirudi kwenye chuo changu cha zamani kwa mara ya kwanza tangu nifunge begi, nikiwa na nakala ya kadi ya mtihani niliyoikuta chini ya godoro nyumbani, ya kozi moja kati ya zile mbili zilizopotea. Karani aliangalia kadi, akaangalia kompyuta, akaniambia nirudi Jumanne.